Chanoka si mtu, ni nyumba

Neno la Kijapani chanoka hutumiwa kwa wakulima wadogo wa chai ya kijani, na kwa mwenye haraka maelezo hayo yangetosha. Nimeshika kalamu kwa sababu wiki hii nimekutana tena, kwa mara ya nne au ya tano, na maelezo yanayomwita chanoka "bingwa wa chai", yakiandamana na picha ya mzee aliyevaa kofia ya majani, kasimama peke yake kati ya safu za michai.

Kosa limeanzia kwenye silabi ya mwisho. Cha ni chai, neno lilelile lililotoka China, ambalo sisi tulilipata kupitia kwa Waajemi na Wahindi likiwa limeshapata irabu mkiani. No ni kilimo. Ka ndiyo yenye utata. Wapenzi wa michezo wanaijua kutoka judoka na karateka, ambamo humaanisha mtu aliyejitoa kwa fani hadi akahesabiwa miongoni mwa wenyewe, kwa hiyo wanadhani chanoka naye ni mtu wa namna hiyo. Ubaya ni kwamba hata alama ya maandishi ni ileile, hivyo anayefungua kamusi mbiombio hupata ushahidi wa kumpoteza zaidi. Lakini maana ya msingi ya alama hiyo ni nyumba: juu kuna paa, na chini ya paa, kwa maelezo ya kale, yumo nguruwe. Katika noka, maana iliyobaki ni hiyo ya nyumba, pamoja na wote walalao ndani yake.

Takwimu za serikali ya Japani zinalishika neno hivyohivyo. Noka ni kaya inayolima kuanzia ari 10, yaani mita za mraba 1,000 au karibu robo eka, na iwapo shamba halifiki hapo, basi iwe na mauzo ya mazao ya kuanzia yeni 150,000 kwa mwaka. Kuna pia neno kengyo noka, na hili ndilo linalonishawishi kuliko yote: ni kaya ya wakulima ambayo angalau mmoja wao anafanya kazi nyingine nje ya shamba. Binti akiajiriwa mjini huku akiishi nyumbani, anayebadilika jina ni kaya nzima.

Kiswahili tunalo neno kaya, na makarani wa sensa wanalitumia bila taabu. Tatizo ni kwamba mkulima yumo katika ngeli ya watu, na ukishaliandika, kaya yote hutoweka akabaki baba.

Yeyote aliyeona mavuno ya mwanzoni mwa Mei katika milima ya mkoa wa Shizuoka, Japani, hawezi kukosea hapa. Mashine ndogo ya kuchumia ina mpini kila upande. Mmoja anatembea huku ya safu, mwenzake kule, visu vikipita juu ya vichaka na upepo ukisukuma majani kwenye mfuko mrefu unaoburuzika nyuma, ambao mara nyingi mtu wa tatu huushika mkia usikwame. Majani hayo hayangoji. Yasipopitishwa kwenye mvuke mapema huanza kubadilika, kwa hiyo kaya yenye kiwanda chake kidogo huchuma mchana na kukausha hadi usiku. Kitokacho humo ni aracha, chai ghafi yenye vijiti na vumbi bado, na sehemu kubwa yake huuzwa kwa wafanyabiashara wa jumla.

Kwa wafanyabiashara hao ndiko aliko yule bingwa anayetafutwa. Anaitwa chashi, na hili kweli ni jina la mtu: ndiye achanganyaye aracha za mashamba mbalimbali na kuamua moto wa mwisho. Baadhi ya chanoka wanamaliza kazi hiyo wenyewe na kuuza chai kwa jina lao, lakini hata hapo jina huwa ni la ukoo.

Basi mwandishi yeyote aliyeandika "chanoka mmoja aliniambia" hajakosea sana. Ningemwomba tu aongeze ni nani wa nyumba hiyo aliyesema, kwa maana huenda alikuwa yule mama aliyeshika mpini wa upande wa pili.