Misimu: maneno unayoyajua yanapokugeuka

"Mshikaji amefulia, hana hata jero." Ukiisikia sentensi hiyo Kariakoo, na Kiswahili chako ni cha vitabuni, utamwona mtu aliyeshika kitu, na mambo ya kufua nguo, halafu utakwama. Kumbe wanasema rafiki yao kaishiwa, hana hata shilingi 500. Katika sentensi nzima neno geni ni moja tu, jero. Hayo mengine unayajua, na ndiyo yaliyokupoteza.

Maneno ya namna hii huitwa misimu, wengine husema simo. Huzuka ndani ya kundi fulani, yakapewa maana ambayo kundi hilo linaielewa, yakavuma, kisha mengi yakafa. Jina lenyewe linajieleza: kila neno lina msimu wake.

Yasichanganywe na lahaja. Mzee wa Mombasa akikwambia "ndoo hapa," usiende kutafuta chombo cha maji, anakuita. Kimvita husema ndoo kwa njoo, ndia kwa njia, mato kwa macho. Hayo si maneno ya mtaani, yana umri mkubwa kuliko Kiswahili sanifu chenyewe, ambacho msingi wake ni Kiunguja. (Uamuzi wa kuchukua Kiunguja ulipitishwa mwaka 1928 katika mkutano uliofanyika Mombasa, nyumbani kwa Kimvita. Wamvita hawajasahau.) Wala si msimu Mkenya anapomwita mkewe bibi yangu, mbele ya Mtanzania anayejua kuwa bibi ni yule aliyemzaa mama. Hapo ni matumizi tu yaliyoachana mpakani.

Msimu kazi yake ni nyingine. Unachukua neno la kawaida na kulipindua, mara nyingi kwa sitiari. Chakula kikikaa sana huchacha. Mtu naye akiishiwa hela, Dar es Salaam watasema kachacha. Ukiambiwa "kausha," hakuna kinachoanikwa, unatakiwa unyamaze. Mwanamume mwenye fedha anayegharamia mapenzi bila kujua anatumiwa ni buzi, na kumtumia huko ni kumchuna. Picha ni ya kikatili, lakini ukishaielewa huihitaji kamusi tena. Na Bongo? Ni ubongo uliokuzwa: jiji lisilokaliwa bila akili. Jina lilianzia Dar es Salaam, likaja kuifunika Tanzania yote, hata muziki ukaitwa Bongo Fleva.

Palipo na fedha ndipo misimu inaponoga zaidi, nadhani kwa sababu fedha hutajwa mbele ya watu ambao si lazima wajue. Tanzania elfu moja ni buku. Noti ya 10,000 ni msimbazi, na hapa asiyefuata soka hana pa kuanzia: noti ni nyekundu, nyekundu ni rangi ya Simba, na Simba makao yake ni Mtaa wa Msimbazi. Vuka uende Nairobi, ukaanze upya. Huko mbao ni shilingi 20, soo ni 100, thao ni 1,000. Noti ya 500 iliwahi kuitwa jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo, kiongozi wa kundi la vijana la kampeni ya KANU, chama kilichokuwa kikitawala Kenya, mwaka 1992, wakati noti hizo zilipokuwa zikimwagwa. Wakati mwingine usiri ndio lengo hasa. Anayekuomba "kitu kidogo" au "chai" barabarani hana kiu.

Nauli nazo zimezaa majina. Daladala ni dala, yaani dola, jina la mtaani la shilingi tano iliyokuwa nauli. Matatu imetokana na sarafu tatu za senti kumi kumi, nauli ya zamani ya Nairobi. Nauli hizo hazipo tena ila majina yamekaa, na leo hakuna anayeyaita misimu, yameshakuwa Kiswahili. Halafu vijana wa Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, wakaona matatu limezoeleka mno, wakaichukua ile tatu wakaigeuza Kiingereza: mathree. Ndivyo inavyokwenda. Neno likishajulikana na kila mtu, kundi linatafuta jingine, kwa maana faida yake ilikuwa kutojulikana na wote.

Kwa hiyo swali la "maana yake nini?" linamsaidia mgeni nusu tu. Poa ni rahisi kuelezwa: kitu kilichopoa hakiunguzi, basi anayejibu "poa" mambo yake ni mazuri. Lakini mjibu hivyo mama mkwe aliyekusabahi na uone atakavyokutazama. Maana umeipata, ila hukuuliza neno linasemwa na nani kwa nani. Mimi ningemshauri mgeni ayaelewe mengi na ayatumie machache. Msimu uliochelewa mdomoni mwa mtu mzima huchekesha kuliko kosa la ngeli.

Wageni wenyewe si wa kutoka mbali tu. Uliza vijana wa sasa kuhusu ngangari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 neno hilo lilikuwa kila mahali Tanzania: wafuasi wa chama cha upinzani cha CUF walijiita ngangari, wasiotikisika, na polisi wakajibu kwamba wao ni ngunguri. Wakati ule hata mtoto alijua nani anamtishia nani. Sasa mtu aliyezaliwa na kukulia Temeke anaweza kulisikia kwa mjomba wake akabaki kumkodolea macho, kama yule msomi wa vitabuni pale Kariakoo.