Kwenye diski ya gesi, nishati haipotei

Nimelisikia tena, safari hii katika maelezo ya picha ya shimo jeusi: gesi inasukwasukwa, "nishati yake inapotea", kisha inamezwa. Huwa linaniuma, kwa sababu neno hilo moja linafuta jambo zuri kuliko yote kwenye diski hizo.

Diski yenyewe ni gesi inayozunguka kitu chenye uvutano mkubwa, nyota changa au shimo jeusi, huku ikikisogelea polepole. Msukosuko ni mwendo wa gesi hiyo ukivurugika, visulisuli vikubwa vikizaa vidogo na vidogo vikizaa vidogo zaidi. Nishati kutawanyika, ambako wengine hukuita kupotea, ni nishati ya mwendo huo kugeuka joto. Basi.

Sasa tulitazame neno msukosuko. Limetoka kwenye kitenzi suka, na si suka ya nywele wala ya mkeka. Ni suka ya maziwa, kutikisa chombo huku na huku mpaka siagi ijitenge. Limefaa mno, kwa sababu nguvu za anayesuka haziendi kusikojulikana. Mwanafizikia Mwingereza James Prescott Joule alilipima jambo hilo miaka ya 1840: aliacha uzito ushuke, ukizungusha mapanga ndani ya chombo cha maji, halafu akasoma kipimajoto. Maji yalikuwa yameongezeka joto, kwa sehemu ndogo tu ya digrii. Uzito ulishuka, maji yakasukwa, joto likapanda.

Kwenye diski ni yale yale, ila kwa ukubwa wa kutisha. Gesi inashuka, inasukwa, inapata joto, na joto linatoka likiwa mwanga. Kuzunguka shimo jeusi lisilojizungusha, hadi gesi ifike mzingo (njia ya kuzunguka) wa mwisho kabla ya kutumbukia, karibu asilimia 6 ya nishati yote iliyomo katika tungamo lake, yaani wingi wa maada yake, inaweza kuwa imeshatoka. Hidrojeni inapoungana kuwa heli ndani ya nyota hutoa asilimia 0.7.

Wengine husema gesi "inasuguana tu". Mnato wa kawaida wa gesi, yaani msuguano wa ndani kati ya tabaka zake, ni dhaifu mno kuishusha hivyo. Mwaka 1973 wanafizikia wa nyota Shakura na Sunyaev waliuwakilisha msukosuko kwa herufi moja, alfa, chanzo chake kikiwa bado kitendawili. Mwaka 1991 wenzao Balbus na Hawley wakaonyesha kwamba uga wa sumaku, hata ukiwa dhaifu, huunganisha gesi ya ndani iendayo kasi na ya nje iendayo taratibu, mithili ya kamba. Ya ndani inavutwa nyuma, inashuka; ya nje inavutwa mbele, inasogea mbali. Momenta ya mzunguko, yaani kiasi cha mzunguko ambacho gesi imebeba, kwa hiyo, haigeuki joto hata kidogo: inahamishiwa nje. Mnato unaingia mwishoni kabisa, kwenye visulisuli vidogo kuliko vyote, pamoja na ukinzani wa umeme.

Nalo la kushangaza: gesi iliyoshuka inazunguka kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Nusu ya nishati ya kushuka imebaki kwenye mwendo wake, nusu imekwenda kwenye joto.

Kwa hiyo ukisema gesi *imepoteza* nishati, sikupingi, imeitoa kweli. Ukisema nishati *imepotea*, naomba ubadilishe kitenzi: imegeuka joto, na joto likang'aa mpaka tukaiona diski.