Picha na sanamu za viumbe: yanayosemwa na yaliyomo katika fiqhi

"Qur'ani imekataza picha." Aya ya namna hiyo haipo. Kinachokatazwa humo ni kuabudu masanamu, na sura ya Saba' (34:13) inataja masanamu aliyotengenezewa Nabii Sulaiman bila kulaumiwa. Katazo limetoka kwenye hadithi, na kutofautiana kwa wanazuoni kunaanzia katika kuzifahamu.

"Hata kuchora mti ni haramu." Hapana. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alimwambia fundi aliyeishi kwa kazi ya kuchora: kama huna budi, chora miti na visivyo na roho.

"Madhehebu yote yana kauli moja." Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa kuchanganya kutengeneza na kutumia. Kwa Imam an-Nawawi, Mshafii, kuchora chenye roho ni haramu, kiwe na kivuli (sanamu) au kisiwe nacho (picha bapa). Kutumia ni mlango mwingine: picha ikitundikwa ukutani haifai, ikiwa kwenye zulia linalokanyagwa au mto wa kuegemea inaruhusiwa. Hoja ni pazia la Bibi Aisha lenye picha: Mtume (s.a.w.) aliliondoa, kisha likakatwa likafanywa mito. Kauli mashuhuri ya Wamaliki ni nyepesi zaidi: haramu ni sanamu la kiumbe lenye umbo kamili na kivuli, picha bapa ni makuruhu tu, yaani haipendezi lakini si haramu.

"Ukipiga mstari shingoni, imeshakufa." Dawa hii ya kuihalalisha picha inapendwa sana, lakini haiponyi. Ibn Qudama, Mhanbali, anataka kiondolewe kiungo ambacho uhai haubaki bila hicho, kama kichwa au kifua. Kutoboa jicho au kukata mkono hakutoshi. Wahanafi nao wanasema uzi ukizungushwa shingoni haubadili kitu, kwani wapo ndege wenye alama ya asili inayozunguka shingo. Picha ndogo, ambayo aliyesimama hatambui viungo vyake ikiwa chini, kwao haitii dosari swala.

"Midoli ya watoto imo katazoni." Bibi Aisha alikuwa nayo, akiwemo farasi mwenye mbawa za vitambaa. Wengi wameiruhusu.

"Kamera ni sawa na kuchora." Muhammad Bakhit al-Muti'i, mufti wa Misri, aliona kamera hunasa kivuli tu, haiumbi. Ibn Baz, mwanazuoni wa Saudia, alikataza, isipokuwa kwa dharura kama vitambulisho. Ibn Uthaymin, naye wa Saudia, alitazama kusudi la mpigaji picha.