Je, wajua kwa nini Helios huzungusha majani nyuma ya biharusi na lenzi nyingi za zamani hazifanyi hivo?

Ushaziona hizo picha, biharusi yuko katikati ametulia na nyuma yake majani ya mkungu yote kama yamzunguka, halafu watu waanza kuulizana ni programu gani ya simu hiyo. Si programu. Ni lenzi ya Kisovieti, Helios 44-2, 58mm f/2, iliyokuwa ikiuzwa pamoja na kamera za Zenit kwa wingi kweli kweli, ndo manake hadi leo bei yake iko chini kuliko lenzi mpya nyingi za kazi hiyo. Na huo mzunguko, niseme mapema, ni kasoro. Kasoro nzuri, lakini kasoro, na ukijua yatoka wapi utajua kama wewe yakufaa au pesa zako zaenda kwa lenzi nyingine.

Kama una lenzi ya zamani karibu fanya hivi: fungua apacha yote, yaani tundu la mwanga mpaka ile namba ya f iliyo ndogo kabisa, inua lenzi ielekee dirishani, chungulia moja kwa moja. Utaona duara zima la mwanga. Sasa ipinde kidogo upande, na lile duara lageuka umbo la lozi, kwa sababu ukingo wa mbele wa lenzi na ukingo wa nyuma haulingani tena na kila mmoja wakata kipande chake cha mwanga. Sensa, kile kipande cha kamera kinachonasa picha, nayo yaona hivo hivo. Kila nukta ya mwanga iliyo nje ya fokasi huchorwa kwa umbo la ule mwanya, kwa hivyo katikati ya picha nukta zatoka duara, ukienda pembeni zatoka lozi, na lozi zote zimelala kufuata mduara mmoja, basi jicho laona kitu kinazunguka. Ongeza kwamba fokasi ya Helios si bapa, imejikunja, na kasoro zake za pembeni hazikurekebishwa sana, zile nukta zavutika zaidi. Funga apacha mpaka f/4 na mzunguko karibu wote umeondoka, manake sasa tundu la bledi, vile vibamba vinavyofunga apacha, limekuwa dogo kuliko zile kingo mbili na lenyewe ndilo laamua umbo.

Kutokana na hapo mambo mawili yafuata ambayo wauzaji hawakwambii.

La kwanza, mzunguko wataka nukta. Majani yenye mwanga wapenya katikati, mwarobaini, mkungu, mwembe, mita kadhaa nyuma ya mtu wako. Ukimsimamisha biharusi ameegemea ukuta wa matumbawe wa Fort Jesus hapa Mombasa, au mlango wa nakshi pale Mji wa Kale, hakuna kitu cha kuzunguka, utapata ukuta tu na pembe zimefifia. Ufuoni Mama Ngina kwenye mibuyu na miti mingine waweza kucheza, ukutani usijisumbue.

La pili ni zito zaidi. Lozi zinaishi pembeni mwa picha, na kamera nyingi tulizonazo hapa ni zile za sensa ndogo kuliko fremu ya filamu, Canon kwa mara 1.6 au Nikon na Sony kwa mara 1.5, ambazo pembe zenyewe zazikata. Yaani umenunua Helios kwa ajili ya pembe halafu kamera yako yazitupa. Mzunguko hubaki lakini mdogo, na watu wanaishia kusema wameuziwa feki. Ila kuna faida upande mwingine: kwenye Canon ya namna hiyo 58mm yaona kama 93mm, ambao ni urefu mzuri kabisa wa picha za uso.

Kuhusu uso watu hukosea sana. Husema lenzi ndefu yapunguza pua. Lenzi haina habari na pua yako, ni umbali. Ukisimama mita moja, pua iko karibu na kamera kuliko masikio kwa tofauti inayoonekana, ukirudi nyuma mita mbili tofauti hiyo yapungua, na lenzi ndefu kazi yake ni kukulazimisha urudi nyuma. Kwa picha ya kichwa na mabega, kamera ya fulu-fremu, yenye sensa sawa na fremu ya filamu, imesimamishwa wima, 58mm yakuweka kama mita 1.1, 85mm mita 1.7 hivi, 105mm mita 2, na 135mm mita 2.6. Mtu mzima kutoka buibui mpaka viatu, 135mm yataka mita 7 na nusu, na kwa sensa ndogo yafika mita 11. Sasa niambie mita 11 kwenye kichochoro cha Mji wa Kale utazipata wapi bila tuktuk kukupigia honi mgongoni. Ndo nasema 135mm za zamani ni za bei rahisi kwa sababu ziko nyingi, lakini hata zikiwa kali kama ile Jupiter-37A ya f/3.5, ni lenzi ya ufuoni na uwanjani, si ya barazani.

Sasa Jupiter-9, 85mm f/2. Hii na Helios zote zina damu ya Kijerumani, manake baada ya vita vya pili Wasovieti walichukua michoro na mitambo ya Zeiss, kampuni ya lenzi ya Kijerumani, Helios ikatoka kwa lenzi yao ya Biotar na Jupiter-9 ikatoka kwa Sonnar ya Ludwig Bertele. Ina bledi 15, kwa hivyo hata ukiifunga kidogo nukta zabaki duara safi. Kwa f/2 ni laini, ngozi yatoka kama imepakwa kitu, mama wa biharusi atafurahi. Lakini fokasi yake si mchezo: umbali wa mita 1.7 kwa f/2 eneo lililo kali ni kama sentimita 4 na kidogo tu, yaani jicho liko ndani na sikio liko nje. Kwa kamera mpya zisizo na kioo waweza kukuza jicho kwenye skrini, kwa DSLR ya zamani, ile yenye kioo ndani, utategemea bahati. Na muulize muuzaji kama ni ya M42, yaani ya kufunga kwa skurubu kama Helios, kwa sababu zilitengenezwa pia za kamera nyingine ambazo hazitaingia kwenye DSLR yako.

Adapta, ile ringi ya kuunganisha lenzi na kamera ya aina nyingine, nayo ina mambo yake. M42 hukaa milimita 45.46 kutoka kwa filamu, Canon EF, yaani DSLR za Canon, ni 44, kwa hivyo ringi nyembamba yatosha. Nikon F, yaani DSLR za Nikon, ni 46.5, ushapitiliza, ukiweka M42 hapo hutapata fokasi ya mbali. Canon FD, ile ya zamani kabla ya EF, ni 42, hivyo zile FD 85mm f/1.8 tamu haziingii vizuri kwenye Canon za EF zilizoanza 1987, lakini kwa kamera zisizo na kioo zote zaingia bila shida.

Kama wataka lenzi moja isiyo na vituko mimi ningesema Nikkor 105mm f/2.5 ya Nikon. Haizungushi kitu kama Helios, hailainishi sana, yachora tu uso. Ile picha ya msichana wa Afghanistan aliyoipiga Steve McCurry mwaka 1984, ikatoka jalada la National Geographic Juni 1985, ilipigwa kwa lenzi hii. Bei yake iko juu ya Helios lakini si ya kukutoa jasho.

Jasho lenyewe ndilo tatizo la Mombasa. Unyevu wetu hulea kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba zinazotoa asidi na kula mipako ya kioo, na lenzi ambayo imekaa miaka 40 kabatini karibu na bahari usiinunue kwa picha ya muuzaji. Washa tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi, chungulia mbele huku ukiizungusha. Mkwaruzo mdogo wa mbele hauna neno, ukungu na nyuzi ndani achana nazo, mafuta kwenye bledi yatengenezeka. Ukishaipata itoe kwenye mfuko wake wa ngozi, ngozi hushika unyevu, iweke kwenye kontena la plastiki linaloziba na pakiti za silika. Na ukitoka ndani ya gari lenye AC usiifungue lenzi nje saa hiyo hiyo, itaota umande mpaka ndani, iache begini kwanza.

Halafu jua la saa saba. Kwa ISO 100, yaani kamera ikiwa na wepesi mdogo kwa mwanga, na f/2 utahitaji kasi ya shata kama sekunde 1/6400, na kamera nyingi za kawaida zaishia 1/4000, kwa hivyo ama uingie kivulini ama ununue filta ya kupunguza mwanga, ya Helios 44-2 ni milimita 49.