Programu huria si mlango ulioachwa wazi

Hapa Dodoma, mazungumzo ya mifumo ya serikali yakianza, hakosekani wa kusema: programu huria ni hatari, kila mtu anauona msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa ya kuiendesha, basi ataingia tu. Sivyo.

Kinachoonekana ni jinsi programu ilivyoandikwa, si taarifa za wananchi. Fundi makufuli anajua kufuli lako lilivyo ndani, lakini ufunguo uko mfukoni mwako. Na ukipakua msimbo ukaubadilisha, umebadilisha nakala yako; ile iliyo kwenye seva ya serikali haijaguswa.

Mfano tunao. Muuguzi wa zahanati huko Chamwino akishajaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, idadi ya wajawazito na watoto waliochanjwa huingizwa kwenye DHIS2, programu huria ya kukusanya takwimu za afya inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei.

Makosa yapo, tusidanganyane. Mwaka 2014 liligunduliwa tundu kubwa la usalama kwenye OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, likaitwa Heartbleed. Lilikuwa limekaa humo miaka miwili, msimbo ukiwa wazi. Ndiyo maana naisihi serikali isiishie kuchukua cha bure. Iajiri vijana wa kuukagua msimbo huo kila siku, na Chuo Kikuu cha Dodoma kiko hapa hapa.