Je, wajua kwa nini programu uliyoizima jana imeamka tena leo?

Kwenye stesheni moja (duka la kuprinti na kutoa kopi) ya Mabibo, Dar es Salaam, inayoishi kwa wanafunzi wa hosteli, feni ya laptop ilikuwa inavuma kuliko pangaboi la juu. Dada mwenye stesheni akanigeuzia skrini. "Kaka, hebu niangalizie. Hii wscript naizima, nikiwasha kesho yake ipo. Naizima tena, ipo."

Alikuwa amefungua Task Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha programu zinazoendeshwa, kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na kidole chake kilikuwa juu ya mstari ulioandikwa wscript.exe. Jina hilo alishaligugo. Jibu la kwanza lilimwambia ni faili halali la Windows, la pili likamwambia ni virusi. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi, ndiyo maana yalimchanganya.

Kompyuta iliyowashwa tu, hujafungua hata kitu kimoja, huwa na michakato mingi inayoendesha mambo chinichini: huu unasikiliza mtandao, ule unasubiri printa, mwingine unalinda. Mingi haina dirisha la kuonekana, kwa hiyo unachokiona ni jina tu. Na jina halina mwenyewe. Mtu akiandika programu ya wizi anaweza kuiita svchost.exe, na Windows haitamkatalia mradi aiweke folda nyingine.

Hiyo svchost yenyewe inastahili kuelezwa, maana ndiyo inayotisha watu kuliko zote. Unakuta zimejipanga hamsini, sitini. Ifikirie kama gari la abiria: lenyewe halina shughuli, linabeba huduma za Windows. Zamani gari moja lilijaza abiria kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, na mmoja akileta fujo wote wanashuka. Kuanzia toleo la 1703 la Windows 10, la mwaka 2017, kompyuta zenye RAM inayozidi GB 3.5 zilianza kumpa karibu kila abiria bajaji yake. Ndiyo maana foleni imekuwa ndefu. Wingi wake si ugonjwa.

Sasa, ukihamia mtaa mpya, ofisi ya serikali ya mtaa haitosheki na jina lako. Wanataka kujua unakaa nyumba ya nani. Fanya hivyohivyo: bofya mchakato kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Open file location". Svchost halisi inakaa C:\Windows\System32, na ndugu yake wa biti 32 yupo folda ya SysWOW64. Ukiikuta kwenye folda ya Temp au Downloads, huyo ni mwingine aliyeazima jina. Soma na herufi moja moja pia: scvhost, svch0st yenye sifuri, au lsass (mchakato mwingine wa Windows) ambayo herufi yake ya kwanza si L ndogo bali I kubwa. Kwa haraka haraka jicho halishtuki.

Lakini usihukumu kwa anuani peke yake. Telegram ya kompyuta hujiweka ndani ya AppData, folda ambayo virusi wengi wanaipenda, na hakuna kosa lolote hapo. Kwa hiyo unaangalia na kitambulisho, yaani saini ya kidijitali ya aliyetengeneza programu. Wengi hufungua "Properties" wakatafuta kichupo cha "Digital Signatures", wasipokiona wanapiga kelele za virusi. Haraka hiyo. Mafaili mengi ya Windows, Notepad ikiwemo, saini yake imetunzwa kwenye orodha ya pembeni, si ndani ya faili. Chombo cha kuaminika zaidi ni Process Explorer, cha bure kutoka Microsoft: ukiwasha "Verify Image Signatures" kinakagua sehemu zote mbili. Kinaweza pia kuuliza tovuti ya VirusTotal, ambako injini nyingi za antivairasi hutoa maoni yao juu ya faili moja. Angalizo hapo: faili unalolipandisha VirusTotal linaweza kufika kwa kampuni za usalama duniani kote, kwa hiyo usipandishe CV ya mteja wala mkataba wa mtu.

Na saini nayo huibwa. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010, ilitembea na vyeti halali vilivyoibwa kutoka kampuni za Realtek na JMicron.

Turudi Mabibo. Wscript ya yule dada tuliikuta System32, nyumbani kwake kabisa, na saini ni ya Microsoft. Anuani safi, kitambulisho safi. Hapo ndipo watu wengi hufunga laptop wakasema hakuna tatizo. Ila kazi ya wscript ni kusoma maagizo yaliyoandikwa kwenye faili jingine na kuyatekeleza. Haijali nani kayaandika. Swali likabaki moja: imebeba nini?

Kwenye Task Manager, kichupo cha "Details", bofya kulia juu ya vichwa vya safu, chagua "Select columns", weka tiki kwenye "Command line". Safu mpya ikajitokeza. Mbele ya wscript.exe palikuwa na njia ndefu inayoingia AppData, kisha Roaming, ikaishia kwenye faili lenye jina la herufi zisizotamkika, mkiani .vbs. Mzigo ndio huo.

Nikamuuliza kama kuna flashi za wanafunzi zilizogeuka "shotikati". Akacheka. "Kaka, zote."

Kirusi cha namna hiyo kinaficha mafolda halisi ya kwenye flashi, kisha kinaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwanafunzi akibofya mara mbili, njia ya mkato inaendesha kwanza ile hati ya kirusi, halafu inamfungulia folda lake kama kawaida. Haoni tofauti. Kazi zake hazijafutwa, zimefichwa tu. Zinarudishwa kwa kuandika kwenye dirisha la amri (Command Prompt) attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ikiwa flashi imesoma kama E.

Ni kwa nini basi ilikuwa inarudi? Kwa sababu "End task" inamtoa mtu nje, haimnyang'anyi ufunguo. Windows ina sehemu kadhaa za kuandikisha kitu kiwake chenyewe: folda ya Startup, funguo za Run kwenye rejista (daftari la mipangilio ya Windows), Task Scheduler (ratiba ya kazi za kompyuta), huduma. Kichupo cha "Startup" kinaonyesha baadhi tu. Autoruns, zana nyingine ya Sysinternals, walewale wa Process Explorer (kundi lililoanza 1996 na kununuliwa na Microsoft 2006), inazianika zote mahali pamoja. Tulianza kwa kuua wscript, maana ikiwa hai inaweza kuandika upya ulichofuta. Kisha tukaondoa tiki kwenye mstari unaoiita ile .vbs. Kuondoa tiki si kufuta, ukikosea unairudisha. Mwisho tukafuta faili lenyewe na kuiachia Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ikague mashine nzima pamoja na flashi.

Kuzima kitu halali ndiko kunakohitaji adabu zaidi, na hili nalisema kwa aibu. Miaka ya nyuma nilisoma ushauri wa kuharakisha kompyuta, nikamzimia rafiki huduma ya Print Spooler, inayopanga foleni ya kazi za printa. Asubuhi yake akanipigia: printa zote mbili zimekufa, wateja wamejaa mlangoni. Ila huduma hiyohiyo, mwaka 2021 ilipopatikana hitilafu ya kiusalama iliyoitwa PrintNightmare, wataalamu walishauri izimwe kwenye seva zisizoprinti. Usalama wa kuizima unategemea mashine inafanya kazi gani. Kwa huduma usiyoijua, fungua services.msc, tazama kichupo cha "Dependencies" uone nani anaitegemea, na uichague "Manual" kabla ya "Disabled". Csrss.exe halisi, mchakato wa msingi wa Windows, usiiguse kabisa. Ukiiua Windows inaanguka na skrini ya bluu. Na ukiona System Idle Process imeandikwa asilimia 95, tulia: hicho ni kipimo cha muda ambao prosesa imekaa bila kazi.

Tukawasha upya. Wscript haikuwepo, feni ikashuka sauti. Kabla sijanyanyuka akaingia kijana na flashi, anataka kuprinti field report kurasa 40. Dada akaichomeka, akainamia skrini kutafuta kale kamshale kadogo ka njia ya mkato kwenye kona ya folda.

"Subiri kwanza, mdogo wangu," akamwambia.