Video kali, maksi C: naeleza tena

“Mwalimu, video imetoka safi kabisa. Sasa hii C ni ya nini?”

Swali hili huja kila ninaporudisha kazi. Safari hii limeletwa na mzazi, likarudiwa na mwalimu mwenzangu, kisha likaulizwa na mkuu wa idara kwa ule upole wa mtu ambaye ameshaamua. Nyuma yake kuna imani moja tu: kwamba kwenye somo la media, maksi ni za jinsi video inavyopendeza. Ikipendeza, A. Isipopendeza lakini mtoto akaonekana amejitahidi, B. C ni ya yule ambaye hakuleta kitu, na hata huyo aonewe huruma, maana hili si ni somo la kupumzisha akili baada ya hesabu?

Basi tuzungumze. Nafundisha watoto wa shule ya kati, miaka 11 hadi 14, kazi za video, sauti na picha. Mgawanyo wangu wa maksi kwa mradi mmoja wa video ni huu: mpango (skripti, storibodi yaani michoro ya video kabla haijapigwa, orodha ya shoti yaani vipande vya picha vya kupigwa) 20, picha ghafi na sauti ghafi, yaani kabla hazijahaririwa, 30, uhariri 20, maelezo na marekebisho 20, video yenyewe ikishakamilika 10.

Ndiyo, 10. Mtoto akileta jibu sahihi la hesabu bila hatua hata moja, mwalimu wa hesabu humwuliza amepitia njia gani, na hakuna mzazi anayeshangaa. Mimi nikiuliza hivyohivyo naambiwa naua vipaji.

Hebu tuangalie huo “usafi” unatoka wapi. Simu ya kawaida ya leo inapima mwanga yenyewe, inatafuta sura ya mtu na kuweka fokasi yenyewe, inatuliza mtikisiko wa mkono, inaunganisha fremu kadhaa ili kivuli na jua vyote vionekane, halafu inakoleza rangi kabla mtoto hajafikiria lolote. Akiingia kwenye programu ya kuhariri, anachagua kiolezo, yaani mpangilio uliokwisha kutengenezwa. Kiolezo kinakata klipu kufuata mdundo, kinaweka madoido na maandishi yanayoruka. Kinachotoka kinapendeza kweli, sibishi. Ninachouliza ni kipi kati ya hivyo kimeamuliwa na mtoto. Simu ikiwa ya bei kubwa, video inazidi kung’aa. Sasa nikitoa maksi kwa kung’aa, nampa maksi nani? Aliyenunua simu.

Ndiyo maana nakaa na mtoto, tunafungua faili la mradi, namwuliza: “Kwa nini umekata hapa?” Hilo ndilo swali la somo zima. Jibu linaweza kuwa la kitoto na likapata maksi zote: “Hapa alikuwa ameshamaliza kuongea, nikaona tukikaa zaidi watu watachoka.” Au: “Nilitaka waone mlango kwanza ndipo wamwone yeye.” Huyo anafikiri kama mhariri. Jibu ambalo halipati kitu ni “programu ndiyo iliyokata”, na hilo nalisikia kutoka kwa wenye video nzuri kuliko wote.

Sibuni shida isiyokuwepo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwongozaji wa filamu Mrusi, Lev Kuleshov, alionyesha kwamba sura ileile ya mwigizaji, bila kubadilika hata ukope, watazamaji huisoma kwa maana tofauti kutegemea shoti iliyowekwa kando yake. Maana hukaa kwenye uamuzi wa nini kifuate nini. Mtoto wa miaka 12 anaweza kulielewa hilo kwa vitendo ndani ya kipindi kimoja: sura moja, shoti tatu za kubadilisha, darasa linapiga kelele. Akishalielewa, siwezi kumlipa sawa na mwenzake aliyebonyeza kiolezo namba nne.

Chukua mfano wa aina mbili za kazi ninazopokea. Ya kwanza ina rangi za sinema, muziki mzito, maandishi ya dhahabu. Watu wawili wanazungumza, lakini kamera imevuka mstari wa kufikirika unaowaunganisha, kwa hiyo wote wawili wanaonekana wakitazama upande mmoja, utadhani wanaongea na mtu wa tatu aliye nje ya fremu. Mtoto hajagundua. Nikimwonyesha, anasema “lakini inapendeza”. Ya pili ina mwanga hafifu na picha imeinama kidogo. Naye alivuka mstari, ila kwenye rasimu ya pili ameingiza shoti ya mikono ikishika kikombe ili jicho la mtazamaji lipumzike kabla ya kuhama upande, na kwenye daftari lake ameandika kwa nini. Ya pili inaizidi ya kwanza kwa maksi nyingi, lakini mbele ya wazazi, siku ya maonyesho, ile ya kwanza ndiyo itakayopigiwa makofi. Nimeshazoea.

Sauti. Hapa ndipo watoto wengi hupoteza maksi, nami sipunguzi hata moja, kwa sababu sauti ni ngumu kudanganya. Kwenye ile 30 ya ghafi, nusu ni ya sauti. Ukiongeza umbali kati ya mdomo na maikrofoni mara mbili, sauti ya msemaji inashuka kwa takriban desibeli 6. Mwangwi wa chumba wenyewe haushuki hivyo, kwa hiyo mtoto akisimama mbali anasikika kama yuko ndani ya pipa, na kumtoa humo baadaye ni kazi ngumu. Sauti iliyorekodiwa juu mno ikapasuka nayo ni ngumu kuirudisha. Vaa hedifoni wakati wa kurekodi, wala si baada ya kurekodi. Rekodi ukimya wa chumba kwa nusu dakika, watu wote wakiwa wametulia, ili uwe na cha kuziba pengo ukikata maneno. Ukimya huo ni maksi mbili za bure, na bado nusu ya darasa wanaziacha mezani kwa sababu “mwalimu, pale hapakuwa na kitu cha kurekodi.”

Muziki wa kuokota mtandaoni: kuandika “sina nia ya kuvunja hakimiliki” hakukupi ruhusa yoyote. Tumieni kazi zenye leseni za Creative Commons, zinazoruhusu wengine kuzitumia kwa masharti, zipo tangu 2002, na someni leseni yenyewe, kwa kuwa karibu zote zinadai jina la mwenye kazi litajwe. Na mtu uliyempiga picha lazima awe amekubali. Kama ni mtoto, mzazi wake pia. Bila ridhaa hiyo sisahihishi na sionyeshi kazi mpaka irekebishwe. Tuendelee.

Taratibu za darasa ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Mkanda wa kamera shingoni. Betri irudi kwenye chaji, memori kadi irudi kwenye kisanduku chake. Jina la faili liwe na jina la mradi, tarehe na namba ya rasimu. “Final_mwisho_kabisa_hii_ndiyo2” si jina, ni kilio. Anayeiangusha kamera kwa sababu alikuwa akikimbia nayo ataisafisha, ataandika ripoti, na hataishika wiki hiyo. Ila simkati maksi za media. Hapa nagombana na wenzangu wengi. Tabia ina adhabu zake na ripoti yake. Ukiichanganya na maksi za somo, ile herufi ya mwisho wa muhula haisemi tena lolote. C hiyo ni ya mtoto asiyejua kuhariri, au ya mtoto anayejua kuhariri lakini anaongea sana? Mzazi hajui. Mwalimu atakayempokea mwaka ujao hajui.

Ucheleweshaji naushughulikia kwa mtindo huohuo. Mtoto mwenye 80 nne akipewa sifuri moja kwa kazi ambayo haikuletwa, wastani wake unaanguka mpaka 64. Hiyo 64 ni uongo kuhusu anachojua. Sifuri nazitoa mwisho wa muhula tu, kwa kazi ambayo haikuwahi kuonekana. Kabla ya hapo naandika “haijaletwa”, na mtoto anabaki nami baada ya masomo mpaka iletwe. Hili huwachukiza wavivu kuliko sifuri, maana sifuri ni rahisi: unaipokea na kwenda nyumbani.

Kazi za kikundi ndizo zinazonikosesha usingizi. Imani ile ya uzuri huharibu zaidi hapa, kwa kuwa video ni moja, basi eti maksi iwe moja. Kila kikundi kina “mwongozaji” aliyekaa kwenye kiti akisema “rudia”, na kuna mtoto mmoja aliyeandika skripti, akapiga picha, akahariri usiku, kisha akagawana B yake na watu wanne. Kwangu ile 10 ya video iliyokamilika ndiyo pekee ya pamoja. Zilizobaki ni za kila mmoja: kila mtoto ana shoti zake alizopiga mwenyewe, ana sehemu yake aliyoihariri, na kila mmoja anaeleza peke yake. Wanaweza kuhariri picha ghafi zilezile kwa njia nne tofauti, na hapo ndipo mazungumzo mazuri hutokea, kwa sababu wanagundua kwamba hadithi yenyewe imebadilika.

Bado simfahamu vizuri mtoto aliyeshika fimbo ya maikrofoni siku nzima. Alifanya kazi ngumu, bila yeye pasingekuwa na video. Lakini amejifunza nini ninachoweza kukipima? Mkono kuuma? Wakati mwingine namwuliza kwa nini aliisogeza fimbo kushoto msemaji alipogeuka, na anajibu vizuri kabisa. Wakati mwingine anasema aliambiwa aishike hapo. Wote wawili walisimama saa zilezile.

Na kwa kuwa nimeanza kukiri mashaka, niendelee. Mwaka 1912 watafiti wa elimu Daniel Starch na Edward Elliott, huko Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapelekea walimu wengi karatasi zilezile za Kiingereza wazisahihishe. Karatasi moja ilipata kuanzia 64 hadi 98 kati ya 100. Hiyo ni karatasi ya Kiingereza, ambayo shule zimeisahihisha miaka nenda miaka rudi. Video je? Jedwali langu la vigezo lina visanduku, na visanduku vinaleta heshima, lakini ukiniuliza tofauti ya 17 na 18 kwenye uhariri nitakuangalia tu. Naweza kuitetea tofauti ya 12 na 18. Zaidi ya hapo, sehemu fulani ni saa niliyosahihishia na kazi niliyoitazama kabla ya hiyo.

Kigezo cha “ubunifu” nilikifuta kabisa. Wengi wanakipenda. Mimi niligundua kwamba nilikuwa nakitumia kumwongezea maksi mtoto ambaye ladha yake inafanana na yangu.

Storibodi nazo. Nazidai kabla ya kamera kutoka kabatini, kwa sababu bila hivyo watoto huzichora baada ya kurekodi, shoti kwa shoti, zikilingana na video kwa usahihi wa kutisha. Storibodi ya kweli huwa hailingani na video. Ina shoti ambazo hazikuwezekana, ina mishale, ina kitu kilichofutwa. Nikiona inalingana yote najua nimeletewa nakala.

Kisha kuna suala la maoni. Mtafiti Ruth Butler, kwenye utafiti wake wa 1988, aligundua kwamba wanafunzi waliopewa maoni bila maksi waliendelea vizuri kuliko waliopewa maksi na maoni pamoja. Maksi ikishakuwepo, maoni hayasomwi. Nimeona jambo hilo kwa macho yangu: mtoto anatafuta herufi, anaikuta, anakunja karatasi. Kwa hiyo rasimu ya kwanza nairudisha na maoni peke yake, anarekebisha, ndipo maksi zinakuja. Wazazi hawaupendi utaratibu huu hata kidogo, nami nina wasiwasi wangu pia: mwenye kompyuta nyumbani na jioni tulivu anarekebisha mara tatu, asiyekuwa navyo anarekebisha mara moja kwenye kipindi changu. Nafungua chumba wakati wa mapumziko. Kinajaa wale ambao wangerekebisha hata nisingekifungua.

Lililo zito kuliko yote ni ile 20 ya maelezo. Nikitaka mtoto aeleze uamuzi wake, je, siwapi maksi waongeaji? Yupo mtoto mkimya ambaye kila anapokata ni pale panapostahili, na ukimwuliza kwa nini anainua mabega. Naamini anajua. Jedwali langu linasema hajui. Njia niliyoipata ni kumpa matoleo mawili ya sehemu ileile, moja limekatwa mapema na jingine kwa kuchelewa, aonyeshe lipi linafanya kazi, kisha alirekebishe baya mbele yangu. Anaweza bila neno hata moja. Lakini jaribio hilo huchukua muda mrefu kuliko kusikiliza maelezo, na wengine wakiona wanataka hilohilo.

Maelezo ya kuandika ndiyo nimeyaacha. Tangu akili mnemba iingie mikononi mwao, nilianza kuletewa aya zenye adabu kubwa kuhusu “mtiririko wa masimulizi” kutoka kwa watoto ambao jana yake waliniuliza fremu ni nini. Sasa wanaeleza kwa mdomo, faili la mradi likiwa wazi mbele yetu. Darasa la watoto 30, dakika 5 kwa kila mmoja, ni saa mbili na nusu ambazo ratiba hainipi. Kwa sasa naziiba kwenye vipindi vya kufundisha kupanga taa, na ndiyo maana muhula huu mtaona video zenye uhariri wa maana na nyuso zilizo gizani.